Stering Amekufa, Muvi Ndiyo Inaanza

Kila mtu aliyekulia kwenye banda la video anaijua sheria moja: stering hafi. Anaweza kupigwa risasi tatu za bega, akaanguka kutoka ghorofa ya kumi, akazama mtoni mikono imefungwa, lakini wewe tulia tu, atarudi. Akifa kabla ya nusu saa, msee wa benchi ya nyuma atakwambia huyo hakuwa stering, ulikuwa unamfuata mtu wa pembeni. Sheria hii haijaandikwa popote, ila kuanzia Kipkelion na Londiani hadi Kericho mjini na Sotik, inaheshimiwa kuliko sheria nyingi zilizopitishwa Bungeni.

Kati Kati, filamu ya Mbithi Masya ya mwaka 2016, inaivunja sheria hiyo mapema sana. Kaleche, msichana anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anajikuta nyikani. Hakumbuki maisha yake wala alivyofika pale. Mbele yake kuna loji, na ndani ya loji kuna watu wanaojiburudisha. Kiongozi wao, Thoma, anayeigizwa na Elsaphan Njora, anampa habari bila kuzunguka sana: umekufa. Sote hapa tumekufa. Karibu.

Stering amekufa, na bado tuna zaidi ya saa moja ya muvi.

Ukiisoma stori hiyo kwenye karatasi, utadhani ni komedi ya kutisha. Wafu wana bwawa la kuogelea, wana pombe, wana michezo, na kuna mapenzi yanayoanza kuchipuka kati ya mgeni na mwenyeji anayeonekana kujua mengi kuliko anavyosema. Na kweli, nusu ya kwanza ina ucheshi wake. Lakini Masya, ambaye wengi tulimjua kwanza kupitia Just a Band, aliandika filamu hii na Mugambi Nthiga wakiwa na nia nyingine. Nataka kuipima kwa kuiweka mahali ambapo haikutarajia kuwekwa: katikati ya muvi za kutisha za bei rahisi tunazozipenda, na katikati ya Kipkelion.

Tuanze na hizo za bei rahisi, maana zina heshima yake. Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitupa Nsyuka, kisha Shumileta, malkia wa majini anayempenda binadamu. Bajeti zilikuwa ndogo, kamera ni za video, majini yanatokea na kupotea kwa ujanja wa kompyuta ambao hata mtoto anauona. Watu walitetemeka, halafu wakacheka, halafu wakatetemeka tena. Kuna wanaosema kicheko kile ni dalili kwamba muvi imeshindwa kutisha. Sikubaliani nao. Ukikaa bandani ukamsikiliza DJ Afro akiifafanulia umati muvi ya mizimu kwa Kiswahili cha mtaani, utaelewa kwamba kicheko ndicho kinachokuwezesha kubaki kwenye benchi. Zombi akiingia, sauti ya msimulizi inamgeuza kuwa mtu unayemjua, kama mpangaji aliyekwama na kodi ya miezi mitatu na sasa anatembea usiku ili asikutane na landilodi. Lufufu alifanya kazi kama hiyo Tanzania. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alienda mbali zaidi: toleo la Who Killed Captain Alex? ya 2010 lililozunguka dunia lina sauti ya mchekeshaji juu ya picha, kama sehemu ya muvi yenyewe. Sauti hiyo inamtoa mtazamaji kwenye upweke. Hauogopi peke yako.

Wazungu nao wana mchanganyiko wao wa mapenzi, kicheko na maiti. Uingereza ilitoa Shaun of the Dead mwaka 2004, Marekani ikatoa Warm Bodies mwaka 2013. Hiyo ya pili ndiyo inanihusu hapa. Kijana zombi aitwaye R anamuua mpenzi wa msichana aitwaye Julie, anakula ubongo wake, anapata kumbukumbu za marehemu, na kwa kumbukumbu hizo anampenda Julie. Polepole moyo wake unaanza kudunda tena. Ni muvi tamu, nakiri. Lakini hebu tulia uitazame hesabu yake. Jamaa amemla mpenzi wa mtu! Na muvi inataka tuone kwamba mapenzi yakishakuwa ya kweli, deni hilo limefutika. Julie anaambiwa, anahuzunika kidogo, stori inasonga. Perry, yule aliyeliwa, hana wa kumdai.

Kati Kati inakataa hesabu hiyo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Wakazi wa loji hawawezi kuondoka. Kila mmoja amebeba kitu alichokifanya duniani, na anayekikwepa anaanza kupauka, ngozi inakuwa nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Ni athari ya bei rahisi kabisa, hata kikundi cha maigizo cha shule kinaweza kuifanya, na inatisha kuliko damu yoyote ya kompyuta. Mapenzi nayo hayamsaidii mtu kukwepa. Kadiri Kaleche na Thoma wanavyokaribiana, ndivyo swali la walikotoka linavyokuwa zito. Siharibu utamu kwa ambao hawajaiona. Niseme tu kwamba ndani ya filamu hii kupendwa na mtu ni sawa na kufunguliwa faili.

Halafu kuna King, anayeigizwa na Peter King Mwania. Alikuwa kasisi. Mzigo wake unatoka kwenye ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Hapa ndipo Kipkelion inapoingia, maana huku huwezi kumtazama King kama mhusika tu. Kipkelion iko kaunti ya Kericho, lakini usiifikirie kwa zile picha za majani chai yaliyokatwa sawa kama kapeti. Huku kahawa ina nafasi yake, na kuna reli iliyofika ziwani mwaka 1901 ikapita kwenye stesheni iliyoitwa Lumbwa kabla ya jina la sasa. Mbele kidogo kuna Fort Ternan, ambako akina Leakey walichimbua mabaki ya viumbe wa takriban miaka milioni 14. Wafu wa huku ni wa zamani sana, wana makumbusho yao. Wa juzi ndio hawana.

Kipkelion ilikuwa pia na monasteri ya Watrapisti, Bikira Maria wa Victoria, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na watawa kutoka Tilburg, Uholanzi. Mwaka 2008 ghasia zilipofika, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia humo na kupiga kambi. Watawa wenyewe, watu walioweka nadhiri ya kukaa mahali pamoja hadi kufa, mwishowe walihama, wakaanza upya Kutaamba nchini Uganda. Sioni sinema yenye tukio zito kuliko hilo: mtawa aliyeapa kutoondoka, anaondoka, na nyuma yake wanabaki watu ambao hawana pa kwenda.

Kwa hiyo King anapopauka kwenye skrini, mtazamaji wa huku hajiulizi kama roho zipo. Anajiuliza swali la karibu zaidi. Kuna watu waliochoma nyumba za majirani, na kuna majirani waliorudi. Wanakutana hoteli moja asubuhi, chai ni ileile, chapati ni ileile, salamu zinatolewa. Nani kati yao anapauka? Warm Bodies ingesema wapendane tu, moyo utadunda. Kati Kati inasema taja kwanza ulichofanya. Judy Kibinge alilisema jambo hilo kwa njia ya uhalisia katika Something Necessary ya 2013, akimweka mwathiriwa na mmoja wa washambuliaji kwenye stori moja. Masya amelisema kwa mizimu, na nadhani mizimu imemsaidia. Kwenye filamu ya uhalisia unaweza kujificha nyuma ya swali la nani alianza. Kwenye loji ya wafu uchaguzi umeisha, mashamba hayapo, umebaki wewe na ulichofanya.

Lakini sitaisifu tu. Kwanza, wafu wa Kati Kati wanaongea Kiingereza karibu muda wote, Kiswahili kinachungulia kidogo kisha kinarudi ndani. Naelewa sababu. Filamu ilikuzwa na One Fine Day, mradi wa Marie Steinmann na Tom Tykwer uliotupa pia Nairobi Half Life, na ilikuwa na safari ya kwenda. Ilifika Toronto 2016 ikachukua tuzo ya FIPRESCI ya wahakiki, na Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar. Sawa, hongera. Ila mtu akifa, mimi nadhani lugha ya kwanza kumrudia ni ile aliyolilia nayo akiwa mtoto. Kasisi anayeungama dhambi ya 2008 kwa Kiingereza ananiacha mlangoni.

Pili, ucheshi unaisha mapema mno. Baada ya katikati, filamu inakuwa na adabu, kila mtu ananong'ona, kamera inatulia kama iko kanisani. Ni kama waandishi waliogopa kwamba tukicheka tutasahau uzito. Nimekaa kwenye matanga ya kutosha kujua kwamba sivyo. Kwenye matanga mtu analia saa mbili, saa tatu kuna mjomba anasimulia jinsi marehemu alivyokimbizwa na ng'ombe wake mwenyewe, watu wanashika mbavu, saa nne wanalia tena. Hakuna aliyesahau chochote.

Tatu, na hili ni la ajabu zaidi: wafu wa Masya wako peke yao. Hawana ukoo. Loji yao iko nyikani, hakuna aliye hai anayewaita. Huku, wafu hawaachwi hivyo. Kwa mila ya Wakipsigis, mtoto akizaliwa majina ya waliotangulia yalitajwa moja baada ya jingine mpaka apige chafya, na ugoro ulisaidia pale mtoto alipochelewa. Jina lililoleta chafya ndilo limerudi. Sasa niambie kama hiyo si komedi na muvi ya kutisha kwa pamoja: ukoo mzima umezunguka kitoto, unasubiri babu arudi kupitia pua.

Na kuhusu mapenzi na wafu, mila ilikuwa imefika mbali kabla ya Hollywood. Mume akifa, mjane aliweza kubaki na shemeji yake, na watoto waliozaliwa walihesabiwa kuwa wa marehemu. Yaani jamaa yuko kaburini na bado anaitwa baba. Weka kamera katika nyumba hiyo. Weka shemeji anayejua kila mtoto anayemlea si wake kwa jina. Weka mjane ambaye labda alimpenda wa kwanza, labda anampenda wa pili, labda hakuulizwa kabisa. Huhitaji zombi wa kununua. Unahitaji kiti kimoja kitupu mezani na watu wanaokizunguka kwa uangalifu.

Kati Kati bado ni filamu bora kuliko nyingi zilizotoka kwetu muongo ule, na inadumu kwa dakika 75 tu, kwa hivyo huna kisingizio. Itazame. Kisha wewe mwenye simu yenye kamera nzuri, uliyekaa stendi ya Kipkelion ukingoja gari lijae, chukua pale ilipoachia. Weka wafu wanaoongea kama bibi zetu. Acha watu wacheke hadi dakika ya mwisho. Mapenzi yawepo, lakini mpenzi aulizwe alikuwa wapi Januari 2008. Na aliyeliwa, kama Perry, apewe angalau sini moja ya kurudi kudai chake.