Rangi Ndani ya Sampu

Fundi anaposhusha injini kwa ajili ya ovahoo, kila kipande hupata heshima yake isipokuwa sampu. Krenki hupelekwa kuchongwa, silinda hupimwa, ringi na beringi mpya hununuliwa. Lile bati la chini linalobeba oili hufutwa kwa tambara na kurudishwa. Ndiyo maana kazi ya fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, imenivutia kiasi hiki. Kwake sampu ina siku yake.

Huanza kwa kuiloweka kwa mafuta ya taa na kukwangua tope jeusi kwa kijiti, maana bisibisi huchubua bati. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga, kisha mafuta ya taa tena. Mahali anapokawia ni chini ya vile vibati vilivyochomelewa ndani kuzuia oili isikimbilie upande mmoja gari linapokata kona. Nyuma yake uchafu wa miaka hujificha, na brashi ya kawaida haifiki. Yeye ana waya aliofunga kitambaa cheupe nchani. Kikitoka na kijivu chochote, anarudia. Hakuna anayemsimamia, na sampu ikishafungwa hakuna atakayepaona hapo.

Ikikauka, huipaka chaki kwa nje, humimina mafuta ya taa ndani, kisha anaiacha. Ufa ambao jicho halikuuona hujitangaza wenyewe kwa mstari mweusi kwenye chaki. Baada ya hapo hugeukia ukingo. Bolti zikikazwa kupita kiasi, bati huinuka kuzunguka kila tundu, na katikati ya tundu na tundu hubaki uwazi ambao oili hupitia. Wengi huuziba kwa silikoni nyingi. Yeye huweka ukingo juu ya kipande cha reli na kugonga kila tundu kwa nyundo ndogo, taratibu, akilaza rula ya chuma kila mara kutazama kama mwanga bado unapenya chini yake.

Kijana anayejifunza kwake alimuuliza swali ambalo wenye magari wengi huuliza: “Mzee, si tuipake rangi na ndani, isishike kutu?”

“Nje paka. Ndani mwachie oili.”

Jibu ni fupi, ila swali halikuwa la kijinga. Wapo mafundi hodari sana waliopaka rangi ndani ya injini. Marekani, vijana waliokuwa wakiunda magari ya mbio kwa injini za Ford V8, zile zilizoanza mwaka 1932, walitumia rangi nyekundu iitwayo Glyptal, iliyotengenezwa na kampuni ya General Electric, ambayo kazi yake hasa ni kukinga nyaya za mota za umeme. Waliipaka ndani ya bloku, na walikuwa na hoja. Bloku ni chuma kilichosubiwa kwenye kalibu ya mchanga. Chembe za mchanga huweza kubaki zimeganda kwenye uso wake na baadaye zikaachia. Rangi huzifungia. Tena uso wa bloku ni wa mikwaruzo, na rangi laini huisaidia oili ya juu kuteremka haraka.

Sasa itazame sampu ya bati. Haikusubiwa, ilishindiliwa kwa mashine, kwa hiyo haina mchanga wa kufungia. Uso wake tayari ni laini. Na oili ikishafika humo imefika chini kabisa, haina pa kuteremkia. Hoja zote mbili zinaishia kwenye bloku. Sampu za alumini ni habari nyingine, kwa kuwa hizo husubiwa na zinaweza kuvuja kupitia vitundu vidogo mno. Lakini viwanda vina njia ya kuvijaza utomvu maalumu kwa nguvu ya ombwe, kazi ambayo brashi haiwezi kuiiga.

Kinachobaki ni kutu. Ni kweli petroli ikiungua hutoa maji, na mvuke kidogo hupenya ringi na kutua chini, hasa kwa gari la safari fupi ambalo injini yake haipati moto vizuri. Lakini bati hilo linalowa oili kila siku. Sampu nyingi zilizotoboka zimeliwa kutoka nje, kwa matope na hewa ya chumvi ya Pwani.

Hatari ya rangi ya ndani ni kubanduka. Oili ya moto hufikia nyuzi 100 na kuzidi, na ina sabuni zake za kung’oa uchafu. Ganda moja likiachia hufuata mkondo hadi kwenye chujio ya pampu. Maganda yakiwa mengi, chujio huziba, beringi hukosa oili, na krenki iliyochongwa kwa gharama huharibika. Fundi huyu anaiogopa chujio hiyo kiasi kwamba hubandika donge la plastisini juu yake, hufunga sampu, huifungua tena na kupima unene uliobaki, ahakikishe bati lililobonyezwa na jiwe halijaisogelea mno.

Kwa hiyo sampu ya bati ipakwe rangi nje, mikono miwili, na ndani ibaki tupu na safi. Nawe ukipeleka injini kwa fundi akakuambia anahitaji siku nzima ya kuosha sampu, mpe siku hiyo, na umlipe.