Melvin hakuponywa na mapenzi

Kama hujaiona As Good as It Gets (1997), itafute, inachekesha kweli. Jack Nicholson alipata Oscar kwa kuigiza Melvin, mwandishi wa New York anayefunga mlango mara tano, ananawa kwa sabuni mpya na kuitupa, na hakanyagi nyufa za barabarani. Ana OCD, ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia.

Vitendo Nicholson kavipatia. Shida ni kwamba tunaona mikono, hatuoni kinachoisukuma. Chukua mwanafunzi wa hapa Mzumbe aliyefunga kufuli la chumba akapanda daladala ya mjini. Kufika Sangasanga, wazo linamjia: umefunga kweli? Anakumbuka amefunga, lakini hofu haisikii. Anashuka, anarudi, anavuta kufuli, anapata nafuu ya dakika mbili. Kisha wazo linarudi na nguvu zaidi, maana ubongo umejifunza kuwa amani inaletwa na kukagua. Waislamu wanamjua mtu mwenye wasiwasi wa udhu, anayerudia kutawadha hadi swala inampita. Hapo hakuna cha kuchekesha.

Kosa kubwa liko mwishoni. Melvin anampenda Carol, mhudumu wa mgahawa, na siku moja anagundua amesahau kufunga mlango. Dawa zinatajwa, ila kama namna ya kumsifia Carol: ameanza kuzimeza kwa ajili yake.

Tiba halisi ina jasho. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, alieleza wagonjwa wawili waliosaidiwa kukabili walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao. Tiba iliyotokana na wazo hilo bado inategemewa leo. Mwanafunzi wetu, akiwa na mtaalamu na kuanzia hofu ndogo, angefunga mara moja, akapanda gari, akakaa na hofu mpaka ishuke yenyewe. Kesho tena. Dawa kama fluoksetini na klomipramini husaidia wengi, ila huchukua wiki kadhaa. Anayesubiri nafuu ya siku tatu ataziacha mapema.

Mbona nakomalia filamu ya zamani? Kwa sababu tukiamini mapenzi yanatibu, asiyepona ataambiwa hajapendwa vya kutosha, au hana imani. Mcheke Melvin ukitaka. Ila mwenzako wa chumba akirudi mara ya nne kuvuta kufuli, mwambie hali hiyo ina jina na ina tiba, kisha msindikize hospitali.