Faili Halijaharibika: Juu ya Istilahi za Msimbo wa Alama

Maofisini husikika mara kwa mara kauli ya kwamba faili fulani "limeharibika". Karani afungua barua iliyotoka wilayani, na mahali palipopaswa kuwa na neno ng'ombe aona ng’ombe. Basi barua hufutwa, au huandikwa upya yote. Kwa maoni yetu kauli hiyo ni potofu, na hasara yake si ya lugha peke yake.

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi namba zilizopangwa katika baiti, na kanuni isemayo namba ipi ni alama ipi ndiyo iitwayo msimbo. Msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu, nazo zatosha herufi zote za Kiswahili cha hati ya Kilatini. Ndiyo sababu wengi hudhani kuwa tatizo hili ni la Wachina na Waarabu, si letu. Dhana hiyo imesahau ritifaa. Ritifaa iliyonyooka imo katika ASCII, lakini programu nyingi za uandishi huigeuza zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo haimo. Katika UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ritifaa hiyo iliyopinda huchukua baiti tatu. Programu inayosoma kwa msimbo wa Windows-1252, ambamo kila baiti ni alama moja, huzionyesha baiti hizo kama alama tatu: â, € na ™.

Baiti zenyewe hazikuguswa. Kilichokosewa ni usomaji, na dawa yake ni kulifunga faili bila kulihifadhi, kisha kulifungua tena kwa kuitajia programu msimbo uliotumika. Akilihifadhi kwanza, karani huyaandika makosa hayo ndani ya faili, na kazi ya kuyaondoa huwa kubwa zaidi.

Kosa la kuandika ni jambo jingine. Maandishi yakihifadhiwa kwa msimbo usio na nafasi ya alama fulani, programu nyingi huweka alama ya kuuliza mahali pake: ng?ombe. Hapo alama imepotea kweli, wala hakuna usomaji utakaoirudisha. Hatuna budi kuitafuta katika nakala ya awali. Kuyaita mambo haya mawili kwa neno moja ni kumnyima mtumishi njia ya kujua lipi laponyeka. Tunapendekeza usomaji potofu kwa la kwanza na upotevu wa alama kwa la pili.

Kuhusu herufi tutasema kwa ufupi. Wafasiri kadhaa huita herufi kila kinachopigwa kwa kitufe, hata tarakimu, mkato na nafasi tupu. Mwalimu wa darasa la pili hawezi kukubali kuwa mkato ni herufi, na haki ni yake. Neno ng'ombe lina herufi sita na alama saba. Istilahi ifaayo ni alama.

Usimbaji una matata zaidi. Neno hilo hutumika kwa kuandika alama katika namba, na likifuatwa na fiche hutumika kwa kuficha habari zisisomwe na wasiohusika. Katika mazungumzo fiche hudondoka upesi, na afisa aliyeagizwa "kusimba" orodha ya majina hajui kama ameagizwa kuihifadhi au kuificha. Fiche isiachwe kamwe.

Kwa kinyume chake wapo wanaopendelea kusimbua, kwa mfano wa fumba na fumbua. Umbo hilo ni zuri, lakini simba na simbua hukaribiana mno masikioni. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Tanzania mwishoni mwa 2012, king'amuzi kimeingia sebuleni mwa watu bila kuhitaji kamati. Twaona yafaa kufuata njia hiyo na kusema kung'amua. Wako watakaopinga kuwa neno hilo lenyewe lina ritifaa, hivyo litapatwa na balaa lile lile. Ni kweli, na kwetu hiyo ni faida: mfasiri atakayeletewa orodha ya istilahi yenye kung’amua atajua papo hapo, kabla ya kubonyeza chochote, kuwa imesomwa kwa msimbo usio wake.