Makumbusho ya Texas: mlowezi kapewa mdomo, mwenyeji je?



Wengi wetu tulioko Dallas, Fort Worth na Houston tumeshapeleka watoto kwenye yale makumbusho ya maisha ya kale, ambako watu wamevaa nguo za karne ya 19, wanasaga mahindi, wanafua chuma na kutengeneza mishumaa mbele ya wageni. Sina ugomvi na ufundi wao, mtoto anajifunza. Ninachouliza ni kimoja: nani anasimulia, na nani anasimuliwa tu?

Chukueni Log Cabin Village pale Fort Worth, iliyofunguliwa 1966. Nyumba za magogo zilizohifadhiwa pale ni za walowezi. Moja ni ya Isaac Parker, ambaye alimpokea Cynthia Ann, binti wa ndugu yake. Huyu alitekwa na Comanche mwaka 1836 akiwa na miaka 9 hivi, akakulia kwao, akaolewa, akazaa watoto watatu. Desemba 1860 askari wa Texas wakamchukua. Kwa miaka mingi Texas imeliita tukio hilo "kuokolewa". Jamani, mtu aliyeokolewa anatoroka kila akipata nafasi? Alitaka kurudi kwa wanawe wawili, na akafa bila kuwaona tena. Nyumba ile ile, kwa Isaac ni maskani, kwa Cynthia Ann ni kifungo. Ukiigiza mapishi tu humo ndani, umeshachagua upande.

Kule Houston kuna afadhali. Jesse H. Jones Park, pale Humble, imejenga makazi ya mlowezi wa miaka ya 1830 na pia kijiji cha watu wa Akokisa. Ni hatua. Lakini kuweka nyumba mbili jirani si sawa na kueleza kwa nini moja ilibaki na nyingine ikatoweka. Mwaka 1859 Texas iliwafukuza hata wenyeji waliokubali kutengewa eneo kando ya mto Brazos, wakavushwa hadi nchi ambayo leo ni Oklahoma. Hebu niambieni, nani anauigiza mwaka huo?

Nasi tusijisifu. Kijiji cha Makumbusho pale Dar na Bomas of Kenya kule Nairobi vinatuonyesha nyumba za makabila kana kwamba saa ilisimama kabla ya kodi ya kibanda na kunyang'anywa ardhi. Kosa ni lile lile: utamaduni upo, uporaji haupo.

Dawa haiko mbali. Makao ya taifa la Comanche yako Lawton, saa tatu hivi kwa gari kutoka Fort Worth. Wakarankawa wa pwani, ambao vitabu viliwaandika kuwa wamekwisha, wana wazao wanaojitokeza leo. Waitwe wasimulie wenyewe, tena kwa mshahara, si kwa kuchezeshwa ngoma siku ya sikukuu.

Nawasilisha. Wenye hoja tofauti, uwanja ni wenu.