Kiwanda Kivulini

Wengi wetu, litajwapo neno ramani ya nyumba, hufikiri karatasi na rula. Walakini ramani niliyoistahi kuliko zote ni ya maskani ya mhunzi mmoja wa Kidatoga huko bondeni Yaeda Chini, na hiyo haijapata kuchorwa popote. Mwenyewe alikuwa wa ule ukoo wa wahunzi ambao jamaa zao Wadatoga hawaozani nao, ijapokuwa mikuki yao hakuna aikataaye.

Nyumba ya miti na udongo ilikuwa mashariki, na zizi ubavuni mwake. Kiwanda kilikuwa magharibi, hatua kama thelathini, chini ya mgunga. Kwa kuwa upepo wa kiangazi aghalabu hutoka mashariki, cheche zake ziliruka kuelekea vumbini, zisilifikie zizi lililozungushiwa miiba mikavu, ambayo mbele ya moto ni baruti tupu. Wahadzabe waliokuja na asali kubadilishana na vigumba vya mishale walikuwa na njia yao, ifikayo kiwandani pasi na kupita mlangoni pa wake zake. (Hao nao wana ustadi wao mintarafu ya maskani: mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000 bondeni humo, na bado kibanda cha nyasi ambacho mwanamke hukijenga kwa saa chache chawatosha kulala, kazi zikifanywa nje.)

Nilimwuliza mhunzi kwa nini mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi ameiweka gizani hivi, ilhali mwanga ni bure.

“Mgeni wangu,” akajibu, “juani chuma chekundu huonekana cheusi.”

Akauchomoa msumari makaani kwa koleo. Pale kivulini uling'aa kama punje ya komamanga. Akausogeza juani, hatua moja tu, na wekundu wote ukatoweka, ukawa msumari wa kawaida ambao mtoto yeyote angeuokota. Akaugusisha unyasi mkavu, nao ukafuka moshi. Rangi ndiyo mizani ya mhunzi, nami nikafahamu kwamba kivuli kile kilichaguliwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Jua lilipoinama, mkewe mmoja akaita kutoka mlangoni, mara moja, bila kupaza sauti. Nyundo ikanyamaza.