Kumpima Fundi kwa Sikio Lake

Wenye magari walio wengi, kitu kinapoanza kugota chini ya sakafu ya gari, huuliza swali moja tu, nalo ni bei ya kipuri. Na mafundi walio wengi, kwa kuwa wamekwisha kulizoea swali hilo, hulijibu papo hapo, kabla gari halijasogea hata shubiri moja. Rai yangu ni kwamba ufundi wa kutibu kelele za springi na shokomzoba hupimwa kabla ya spana ya kwanza kushikwa, na kwamba fundi asiyeweza kuileta kelele pale atakapo na kuinyamazisha pale atakapo hajajua bado anachokitengeneza, ijapokuwa mikono yake ni hodari na gereji yake imejaa zana.

Fundi mahiri huanza kwa kumdadisi mwenye gari: kelele huja gari likiwa tupu au limepakia, kungali na baridi ya alfajiri au jua limekwisha kupanda, katika kokoto au juu ya tuta, katika kona au katika njia iliyonyooka? Kisha huomba kuendeshwa, vioo vimeshushwa na redio imezimwa, na kila kilicholegea ndani ya buti kimetolewa, maana si mara moja wala mbili jeki isiyofungwa imemgharimu mtu shokomzoba mpya. Njiani atamwomba dreva akanyage breki kidogo tu pale panapolia. Kelele ikikoma ghafula, dhana huondoka kwenye springi ikahamia kwenye padi za breki.

Huo ni mtihani mwepesi. Palipo na utamu ni kwenye stebilaiza linki, vile vijiti vifupi vinavyoishika fimbo ya stebilaiza huku na huku, kwa sababu ndivyo aghalabu vyenye hatia, na ndivyo vinavyojua kujificha. Fimbo ile haina kazi ila gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini. Kwa hiyo gari likilipanda tuta kwa magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja, fimbo haisokotwi na linki iliyokwisha hunyamaza, bali likipanda kwa mshazari, gurudumu hili kisha lile, linki hugota upesi na kwa ukavu. Fundi anayelijua hilo utamwona akilirudia tuta moja, kila mara kwa pembe nyingine. Na akisharejea gereji hataipima linki gurudumu moja likiwa hewani na jingine chini, kwa kuwa hapo fimbo imesokotwa, linki imebanwa, na ulegevu wote umefichika. Atainua pande zote mbili sawasawa, ndipo aitikise kwa mkono.

Mtazame pia anapoiweka jeki. Katika magari yetu mengi ya leo shokomzoba na springi ya koili zimeunganishwa zikawa nguzo moja, mtindo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao Ford Consul iliuonyesha Uingereza mwaka 1950 na ambao Peugeot 404, iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena mwaka 1966, 1967 na 1968, iliupitisha katika matope na mawe ya nchi hizi. Gari la namna hiyo huinuliwa kwa chesisi, gurudumu likaning'inia, ndipo mtaimbo uingizwe kuipima boljointi. Lakini gari ambalo springi yake hukalia mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo, la sivyo nguvu ya springi huibana boljointi nayo ikaonekana nzima ilhali imekwisha. Kosa hili si la kelele tu, kwani boljointi ikichomoka njiani gurudumu hulala.

Gurudumu likicheza linaposhikwa juu na chini, fundi mwenye idili hatamki neno kabla msaidizi wake hajakanyaga breki: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni kiungo. Na usukani ukizungushwa gari limesimama, naye ameegemeza kiganja juu ya koili akauhisi mruko wake, basi mauntingi ya juu imekwama, na shokomzoba haina taksiri.

Springi za mabamba, kama zile za malori, hazihitaji hila nyingi: huangaliwa bushi za pingu, boliti ya katikati, na bamba lililovunjika.

Lakini mizani ya mwisho, ambayo watu wachache huitazama, ni namna bushi za mpira zinavyokazwa. Huyu akisikia mpira ukilia huupaka grisi, kelele ikatulia siku chache, na mafuta yakauvimbisha mpira na kuuharibu; yule huumwagia maji kwanza, akasikiliza kama mlio umebadilika, akapata ithibati, kisha akabadilisha bushi. Hata hapo, akizikaza nati gari lingali hewani, bomba la ndani la bushi hubanwa mikono ya chini ya gari ikiwa imening'inia, na gari likishushwa mpira huishi umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, ukachanika kabla ya wakati wake. Mjuzi huziacha nati zimelegea kidogo, akalishusha gari likasimama kwa uzito wake, akalitikisa, ndipo akajilaza chini kukaza. Kazi hii ni ya uchafu na ya mahali pembamba, na hakuna atakayeiona. Ndiyo maana mimi huiangalia kwanza.

Baada ya hayo huja alaimenti, ikiwa mikono ya chini au tairodi zimeguswa, na shokomzoba zikiwa zimebadilishwa ziwe mbili za ekseli moja. Kabla ya kulipa, mwambie akupe kipuri kikuukuu na akuonyeshe kwa kidole mahali kelele ilipokuwa ikitokea: tufe linalochezacheza katika kikombe chake, au mpira ulioachana na chuma. Akikupa kipuri kigumu kisicho na ulegevu wala ufa, akasema zamani kilikuwa kikilia, basi umenunua bahati, na bei yake haina budi kujadiliwa upya.