Kitenge Ukutani, Pamba Nyuma Yake

Chumba cha kawaida cha mjini, chenye kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu, ni mahali pagumu pa kurekodia. Piga makofi katikati yake usikie: mlio mkali unadunda haraka kati ya kuta mbili zinazotazamana. Maiki huunasa pamoja na sauti ya mwimbaji, na kuuondoa baadaye kwenye kompyuta ni kazi isiyoisha vizuri.

Dawa inayokimbiliwa ni mapambo: trei za mayai, shiti za povu zenye sura ya matofali, paneli za plastiki zenye mawimbi. Chumba kinapendeza, mlio unabaki. Sauti hupungua pale hewa inapoingia ndani ya nyuzi, ikasuguana nazo, na nguvu yake ikageuka joto dogo sana. Plastiki haipitishi hewa. Trei inapitisha kidogo, ila ni karatasi nyembamba isiyo na kina.

Na kina ndicho kiini cha jambo. Hewa iliyogusana na ukuta karibu haisogei. Husogea kwa nguvu zaidi robo ya urefu wa wimbi kutoka hapo. Kwa sauti ya hezi 1,000 umbali huo ni sentimita 8.6 hivi, kwa hezi 100 ni sentimita 86. Zulia lililobandikwa ukutani, au mbao nyembamba juu ya felti ya milimita 9, hula sauti za juu tu. Mwimbaji anasikika amefifia huku besi ikiendelea kuvuma, na kwa maoni yangu hali hiyo ni mbaya kuliko chumba kitupu.

Kiasi cha nyuzi kinachohitajika hukadiriwa kwa kanuni ya zamani. Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa mwaka 1895 kazi ya kutengeneza ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilivuma kwa zaidi ya sekunde 5. Usiku alihamishia humo mito ya viti vya ukumbi mwingine, akapima muda wa mvumo kila alipoongeza. Humo ndimo ilimotoka kanuni yake: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya eneo linalomeza sauti.

Tukiitumia kwa chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7, kuta tupu huacha mvumo wa sekunde 1.7 hivi. Fremu 8 za mita 1.2 kwa 0.6, zilizojazwa pamba ya mawe ya sentimita 10, huushusha hadi karibu sekunde 0.6 kwa masafa ya sauti ya mtu. Kanuni ilitungwa kwa kumbi kubwa, hivyo haya ni makadirio, lakini yanatosha kuonyesha ukubwa wa kazi.

Uso wa fremu ndipo urembo unapoingia. Khanga au kitenge chepesi kinafaa kabisa: kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Nyuma ya fremu acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10. Hewa hiyo ya bure inapanua uwezo wa fremu kuelekea masafa ya chini. Pa kuitundika patafutwe kwa kioo: mwenzako akitembeze ukutani, na pale unapoiona spika ukiwa umekaa kitini ndipo fremu inapokaa. Sipendekezi sponji ya godoro, kwa sababu hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Sufi ya mito humeza sauti vizuri, ila nayo huwaka mno. Pamba ya mawe haiwaki. Zivaliwe glavu na barakoa wakati wa kuikata.

Besi inabaki. Ukuta na ukuta vikiachana mita 4, chumba huvuma kwenye hezi 43. Mita 3, kwenye hezi 57. Mivumo hiyo hulundikana konani, na huko fremu nene husimamishwa kwa mshazari kutoka sakafuni hadi darini. Kwa bajeti ndogo, anayechanganya muziki ningemwanzishia konani. Anayerekodi sauti ya mtu tu, nyuma yake na ubavuni mwake.